Majani Mekundu na Madaraja Yetu

Wako wenzetu katika chama cha wapiga picha wasemao kwamba hapa Dzaleka hakuna kitu cha kupigwa picha. Wameona picha za Marekani: daraja la mbao lenye paa kama nyumba, mto chini yake, na miti yenye majani mekundu na ya manjano. Basi wakiambiwa watoke na kamera, huuliza, "Tupige nini? Vumbi?" Mimi sikubaliani nao, na napenda kueleza sababu zangu.

Kwanza tujiulize, daraja lile lina paa kwa nini? Si kwa urembo. Mbao zikilowa mvua na theluji mwaka baada ya mwaka huoza, paa huzikinga. Daraja la Cornish-Windsor, liunganishalo majimbo ya New Hampshire na Vermont, lilijengwa mwaka 1866. Limetengenezwa mara kadhaa, na lingali limesimama. Waliolijenga walitaka kuvuka mto. Hawakuwa wakitafuta sifa za wapiga picha.

Sasa tuje kwetu. Kwa miaka mingi vijana wa Lilongwe wamekuwa wakijenga madaraja ya miti juu ya Mto Lilongwe karibu na soko kuu, na kuwatoza wavukao ada ndogo. Mvua kubwa zikija, mto hufurika na kuyachukua. Kisha hujengwa tena. Je, hayo si madaraja? Hayana paa, lakini yana habari: nani alileta miti, nani hupokea ada, na mama mwenye kapu la nyanya huvukaje maji yakijaa.

Na majani mekundu tunayo. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miombo huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba, kisha hugeuka kijani. Angalieni tofauti: kule jani huwa jekundu likikaribia kuanguka; kwetu huwa jekundu likizaliwa. Apigaye picha bila kujua hayo ataandika chini yake kwamba majani yanakufa, naye atakuwa amesema uongo.

Tena mto na majani hayo ni habari moja. Mto Lilongwe huanzia katika msitu wa Dzalanyama, nao ni msitu wa miombo. Watu wa mjini hunywa maji ya mto huo. Lakini miti hukatwa ichomwe makaa, na makaa hayo ndiyo yapikiayo chakula cha wengi. Picha ya jani, ya gunia la makaa na ya daraja, zikiwekwa katika ukurasa mmoja, zitamfundisha msomaji kuliko picha mia za jua likitua.

Lakini sisi tukitoka kwa kundi hufanya nini? Watu ishirini hukusanyika chini ya mjakaranda mmoja, na kila mmoja hupiga picha ile ile. Kutoka kambini kwahitaji ruhusa, na nauli si rahisi. Safari ya namna hiyo ni hasara tupu. Shauri langu ni kwamba tugawanyike watatu watatu: mmoja apige picha, wa pili aulize maswali, wa tatu aandike majina na tarehe.

Na mtu yeyote asipigwe picha kabla ya kuombwa. Jambo hili twalijua sana. Tangu Dzaleka ilipofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, wageni wengi wamepita na kamera zao, na nyuso zetu zimefika nchi tusizozijua, bila majina. Tusiwatendee wachuuzi wa darajani jambo tusilopenda kutendewa.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlioko Marekani, tuleteeni picha za madaraja ya huko pamoja na maelezo yake. Sisi tutawaletea majani ya miombo.

Labda mtu atasema, kambi si mahali pa kudumu, ya nini kuihifadhi katika picha? Namjibu hivi: wazazi wetu wengi walivuka mpaka bila picha hata moja ya nyumbani. Leo tukiwauliza mto wa kwao ulikuwaje, hutuonyesha kwa mikono. Sisi tusiondoke hapa mikono mitupu.