Upinde wa Babu

Mwezi huu kwangu kulikuwa na kavita kadogo. Mume wangu, mtoto wa Dar asiyejua hata kuchinja kuku, aliamua kuingia pori la Handeni peke yake na upinde wa marehemu babu yake mzaa mama, Mzigua, eti akawinde tandala. Ramani kwenye simu, buti mpya, tiketi ya basi hadi Korogwe. Nikamuuliza: leseni iko wapi? Maji utapata wapi? Na ikifika saa ngapi hujarudi, nianze kuhangaika? Kimya.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni. Bila hiyo wewe ni jangili tu, hata uwe na digrii. Halafu Handeni si Korogwe yenye mto Pangani. Kule ni kukavu, miiba, vichaka vinafanana kila upande.

Alininunia siku mbili. (Wanaume, jamani!) Ya tatu nikamsikia barazani, sauti ya chini: “Shikamoo mjomba. Nilitaka kuuliza njia...”

Upinde umebaki ukutani. Jumamosi tunakwenda wote, kutembea tu. Mjomba mbele, mimi nabeba maji.