Wimbo wa Mke wa Hasan Aga na Talaka za Majumbani Mwetu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zetu wapenzi, kina baba, kina mama na vijana wetu mnaosoma. Mara nyingi tunapozungumzia talaka huwa tunaanza na aya, kisha hadithi, kisha kauli za maimamu. Huo ndio utaratibu wetu walimu wa madrasa na hatuuachi. Lakini safari hii tunaomba mtuvumilie, kwani tutaanza na wimbo. Na mtakapofika mwisho, In shaa Allah, mtaona kwa nini.

Sisi Waswahili si wageni wa mashairi yenye visa. Hata huku kwetu Burundi, mbali na bahari, lugha yetu ilikuja na watu wa misafara na wa Ujiji, na pamoja nayo zikaja habari za tendi. Utenzi tunaujua: vipande vinne katika ubeti, mizani minane kila kipande, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinashika kina cha bahari hadi mwisho. Mwana Kupona binti Mshamu alitumia umbo hilo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake namna ya kuishi na Mola wake na mumewe. Huo ni utenzi wa wasia. Mtungaji anaanza kwa jina la Allah, anamwita anayeusiwa, anasema neno lake, kisha anaomba dua.

Mataifa mengine wana namna nyingine ya wimbo wa kisa, ambayo Wazungu huiita baladi. Baladi haianzi kwa utangulizi mrefu. Inamtia msikilizaji katikati ya jambo lililokwisha kuanza, inasimulia tukio moja, inawaacha wahusika wazungumze wenyewe, na ikishafika penye machungu inanyamaza. Haiusii wala haitoi hukumu. Anayesikiliza ndiye anayebaki na kazi ya kujiuliza.

Je, Muislamu ana haja gani na nyimbo? Tukumbuke kwamba mwishoni mwa Suratu Shu'araa Allah (S.W.) amewalaumu washairi wanaofuatwa na wapotovu, kisha akawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alisema kuwa katika mashairi mna hekima. Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa mshairi wake. Ama suala la ala za muziki ni mlango mwingine, wala hatuufungui leo. Sisi tunazungumzia maneno na sauti ya binadamu.

Kisa chenyewe

Baladi tunayoitaka inatoka kwa ndugu zetu Waislamu wa upande wa Bosnia. Wengi wetu tuliwafahamu watu hao kwa habari za vita vya mwaka 1992 hadi 1995, na tukawaombea dua misikitini. Lakini wao walikuwa na Uislamu na nyimbo zao karne nyingi kabla ya vita hivyo, tangu enzi za dola ya Uthmaniya. Wimbo huu unaitwa Hasanaginica. Maana ya neno hilo ni mke wa Hasan Aga, na "aga" ni cheo cha heshima cha Kituruki. Ulipokewa kwa midomo hadi msafiri wa Kitaliano, Alberto Fortis, alipouchapisha katika kitabu chake cha safari huko Venice mwaka 1774. Baada ya hapo mshairi wa Kijerumani, Goethe, akautafsiri, na ukaenea Ulaya. Mistari yake ni ya mizani kumi na haina vina.

Habari yenyewe ni hii. Hasan Aga amejeruhiwa, amelala katika hema mlimani. Mama yake anakwenda kumtazama, na dada yake pia. Mkewe haendi, si kwa chuki, bali kwa haya. Anaona aibu kwenda kule. Mume anapopata nafuu, anampelekea ujumbe kwamba asimngoje tena nyumbani kwake. Hakumuuliza kwa nini hakuja, wala hakumwita waonane. Ulikuwa ujumbe tu.

Mwanamke bado amesimama na maneno hayo mara anasikia vishindo vya farasi. Anadhani ni mume anakuja, anakimbilia mnarani kwa huzuni ajitupe. Mabinti zake wawili wanamkimbilia na kumwambia kuwa si baba, ni mjomba. Kaka yake huyo, mtu mwenye cheo cha bey, hakuja kusuluhisha. Anatoa mfukoni hati ya talaka na kumtaka dada yake waondoke. Mama anawabusu wana wake wawili wa kiume katika paji la uso na mabinti wawili mashavuni. Lakini kwa mtoto mchanga aliyelala kitandani mwake anashindwa kubanduka. Kaka anamvuta mkono, anampandisha farasi, wanakwenda.

Haijatimia hata wiki, posa zinamiminika. Mwenye kushika sana ni kadhi wa Imotski, mji ambao leo upo Kroatia karibu na mpaka wa Bosnia. Mwanamke anamwomba kaka yake asimwoze kwa yeyote, moyo usije ukapasuka kwa kuwaona watoto wake. Kaka hasikii. Basi anaomba jambo moja tu: kadhi aje na shela refu, ili msafara wa harusi ukipita mbele ya nyumba ya Hasan Aga asiwaone watoto.

Shela halikusaidia kitu. Msafara unapita, watoto wanamtambua mama yao, wanatoka na kumwita arudi ale nao chakula cha jioni. Anaomba farasi wasimamishwe, anawapa zawadi kila mmoja, na yule mchanga anampelekea nguo. Hasan Aga anaona yote. Anawaita watoto waende kwake, kwa sababu mama yao, kwa dhana yake, ana moyo wa jiwe. Mwanamke anasikia neno hilo, anaanguka, roho inamtoka.

Wimbo unaishia hapo.

Tunayoyaona sisi

Ndugu zetu, hebu tuutazame wimbo huu kwa jicho la sheria yetu, kwani waliomo ndani yake wote ni Waislamu, na hata kadhi yumo.

Kwanza, haya. Haya ni katika imani, hilo halina ubishi. Lakini haya ya mke kwa mumewe aliyejeruhiwa haikuwekwa na sheria, imewekwa na mila. Siku ya Uhud Bi Fatima (R.A.) ndiye aliyeosha damu usoni kwa baba yake, Mtume (S.A.W.). Na Ummu Atiyya (R.A.) ametusimulia kwamba alitoka katika vita saba, akiwapikia askari, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Mila ilipoitwa dini, mume alidhani hapendwi na mke akadhani anafanya wema.

Pili, ujumbe. Allah (S.W.) katika Suratu Nisaa, aya ya 35, ametuamrisha tukihofia mfarakano tutume mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Hapa jamaa wa mke alikuja na hati mfukoni. Hakuuliza hata swali moja.

Tatu, nyumba na eda. Suratu Talaq inakataza kuwatoa wanawake majumbani mwao wakiwa ndani ya eda, ila kwa uchafu ulio wazi. Huyu alitolewa siku ile ile, na posa zikaja kabla ya wiki.

Nne, ridhaa. Khansa binti Khidam (R.A.) alikuwa mwanamke aliyewahi kuolewa, baba yake akamwoza bila ya kuridhika kwake. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akaibatilisha ndoa ile. Ikiwa baba hana haki hiyo, kaka ataipata wapi?

Tano, watoto. Imepokewa na Abu Daud kwamba mwanamke mmoja alilalamika kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mume aliyemwacha anataka kumnyang'anya mwanawe, akaambiwa kuwa yeye ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Kwa hiyo mama wa mtoto mchanga alinyang'anywa mara mbili: kwanza mtoto mwenyewe, kisha kwa kuozwa kwa nguvu akaondolewa na ile hoja ambayo angeweza kudaia.

Na aliyepaswa kuyasimamia haya yote alikuwa kadhi. Katika wimbo, kadhi ndiye bwana harusi!

Tumefundisha hukumu hizi miaka mingi, tena kwa ushahidi. Wanafunzi wanaziandika madaftarini na wanafaulu mtihani. Lakini lazima tukiri upungufu wetu. Hukumu tunazisomesha kama mambo ya watu wawili, mume na mke, nani ana haki gani. Wimbo huu unamsimamisha mtu wa tatu mlangoni: mtoto anayemwita mama yake aje kula.

Tuwape mfano wa kwetu. Kulikuwa na mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka tisa, mwenye hifdhi nzuri. Ghafla akawa hasomi, analala darasani. Tulimkemea, na Allah atusamehe, hata tukamsimamisha nyuma ya darasa. Baadaye ndipo tulipojua kuwa baba yake alimwacha mama kwa ujumbe wa simu, akiwa safarini, kwa sababu ya maneno aliyofikishiwa na watu. Mama alirudishwa kwao siku ile ile. Mtoto alikuwa akikesha na mdogo wake aliyekuwa analilia kunyonya. Sisi walimu tuliokuwa tunamfundisha babu ya talaka hatukuiona talaka ilipokuja kukaa katika jamvi letu.

Tulipokutana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, hatukutoa hotuba. Tuliwasimulia kisa cha mke wa Hasan Aga kama tulivyowasimulia ninyi, tukanyamaza pale wimbo unaponyamaza. Hatukumtaja mtu. Hatudai kwamba ndoa zilirudi siku ile, maana mioyo iko mikononi mwa Allah. Lakini kina baba walibaki wamekaa, na mmoja wao akauliza swali ambalo kwa miaka yote hatukuwahi kuulizwa katika somo la talaka: mtoto anayenyonya akalale wapi usiku wa leo?

Ushauri wetu

Wapo wenzetu wanaosema visa na nyimbo ni mambo ya kupoteza wakati, na kwamba Qur'ani na Sunna vinatosha. Ni kweli vinatosha kwa uongofu, na hatuchukui hukumu hata moja katika baladi. Baladi si dalili. Pengine Hasan Aga hakuwahi kuwepo. Lakini Qur'ani yenyewe imetufundisha kwa visa, na Sura nzima ya Yusuf ni habari ya familia moja, ya baba aliyetengwa na mwanawe. Anayefundisha kwa kisa hajaiacha njia ya Qur'ani.

Kwa hiyo tunawashauri mambo matatu.

La kwanza, ni kwa walimu wenzetu. Mnaposomesha ndoa na talaka kwa vijana wakubwa, wapeni kisa hiki, kisha waulizeni: nani alikosea, na ni wapi angeweza kusimama? Mtashangaa kwa majibu yao. Wengine watamlaumu mume, wengine kaka, wengine mke. Waacheni wabishane kwanza, halafu leteni aya na hadithi. Elimu itakuta mahali pa kukaa.

La pili, ni kwa wanafunzi wenye kipaji cha kutunga. Umbo la utenzi mnalo. Tungeni visa vya majumbani mwetu bila kutaja watu, na msiwe na haraka ya kutia wasia katika kila ubeti. Simulieni jambo lilivyotokea, msikilizaji mwachieni akili yake.

La tatu, ni kwa kina baba. Simu iliyomo mfukoni inaandika haraka kuliko moyo unavyopoa. Wanachuoni wengi wamesema kuwa talaka ya maandishi inapita ikiwa mume ameikusudia, basi si mchezo. Kabla hujaituma, muulize mkeo swali ambalo Hasan Aga hakuuliza: kwa nini hukuja? Na ninyi kina kaka mnaokwenda kuwachukua dada zenu, msitangulize hati. Tangulizeni sulhu.

Jambo la mwisho. Katika wimbo mzima, ambao umetafsiriwa kwa lugha nyingi na kusomwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, jina la mwanamke yule halitajwi. Anajulikana kwa jina la aliyemwacha. Mwana Kupona wetu tunamjua kwa jina lake, na la baba yake, kwa sababu alipata nafasi ya kusema mwenyewe. Tuwape wake zetu nafasi hiyo wangali hai, tena kabla ya hasira.

Tunamwomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu, awarehemu watoto wetu, na atujaalie tuachane kwa wema pale tunapokuwa hatuna budi kuachana. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.