Nyeupe au damu ya mzee?

Mwezi huu nakuandikia nikiwa na rangi kwenye kucha. Nimetoka Ujiji kwa mama mkwe, tulikokwenda kumpakia rangi chumba chake, na nusura makopo mawili yatugombanishe mimi na baba watoto.

Yeye alinunua nyeupe. Mimi nikachukua damu ya mzee. Hoja yake: mama ana mtoto wa jicho, apewe mwanga. Hoja yangu: Kigoma ni udongo mwekundu, na vumbi la kiangazi halina adabu. Ukuta mweupe baada ya miezi miwili unafanana na shati la mwanafunzi siku ya Ijumaa. Tulibishana mpaka fundi akaenda zake kunywa kahawa.

Aliporudi nikamwomba apake vipande viwili, kila kimoja ukubwa wa meza, tuvitazame kutwa nzima. Jamani, hili lifanyeni hata kama mna haraka, maana rangi ya dukani siyo ya ukutani. Asubuhi nyeupe ilipendeza. Damu ya mzee ikafanya upande ule uwe giza kama stoo. Nikajua nimeshindwa, nikauchuna. Ila dirisha la mama linatazama ziwa, na ziwa huku liko magharibi. Saa kumi na moja jua likaelekea milima ya Kongo, likaingia ndani moja kwa moja. Mama akaziba macho kwa mkono. Wenye mtoto wa jicho wengi huumizwa na mwanga mkali, na ile nyeupe ilikuwa rangi ya mafuta, inang'aa kama kioo.

"Mnanichagulia mimi au mnajichagulia wenyewe?" akauliza.

Kimya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kumbe shida yake siyo ukuta, ni mlango. Usiku hata taa ikiwaka hupapasa, kwa sababu mlango na ukuta anaviona kitu kimoja. Basi kuta tukapaka krimu, rangi ya maji isiyong'aa. Mlango na fremu yake damu ya mzee. Kesho yake aliufuata mlango bila kushika ukuta.

Mtoto wa jicho lakini huondolewa kwa upasuaji, siyo kwa brashi. Mwaka mzima kila mmoja wetu alidhani mwenzake anafuatilia hospitali. Sasa tarehe tunayo.

Baba watoto bado anadai krimu ni nyeupe. Nimemwachia.