Ushindani wa leseni za redio ya dijitali: Sikonge itapata sauti au mwangwi?

Na Mwandishi Wetu

MJADALA kuhusu redio ya dijitali umekuwa ukiendeshwa zaidi kwa lugha ya wahandisi: masafa, mitambo, minara na vipokezi. Lakini kwa mwananchi wa Sikonge, mkoani Tabora, swali la msingi si la kihandisi. Ni swali la umiliki: njia za matangazo zikigawanywa upya na leseni zikashindaniwa, ni nani atakayezungumza, na atazungumza kuhusu nini?

Swali hilo si dogo. Sikonge ni wilaya ya wakulima wa tumbaku, warina asali na wafugaji, yenye misitu ya miombo inayoenea hadi mipakani mwa Katavi na Mbeya. Msimu wa masoko unapoanza, mkulima aliyekwisha kuitoa tumbaku yake kwenye bani huhitaji kujua ni siku gani mnunuzi na mteuzi watafika kwenye chama chake cha msingi, daraja lipi limekwenda kwa bei gani, na malipo yatatoka lini.

Taarifa kama hizo hazina uzito wowote kwa msikilizaji wa Dar es Salaam. Zina uzito Tutuo, Kiwere, Ipole na Kitunda, na zina uzito siku hiyo hiyo. Mkulima akizipata baada ya wiki moja, zimekwisha kuwa historia.

Kwa sababu hiyo, utaratibu utakaotumika kuwapata wenye leseni za redio ya dijitali katika ngazi ya wilaya ndio utakaoamua kama Sikonge itapata sauti yake yenyewe, au itapata mwangwi wa sauti za miji mikubwa.

Mtambo mmoja, vituo vingi

Katika utangazaji wa FM uliozoeleka, kila kituo hupewa masafa yake kati ya megahezi 87.5 na 108, na kwa kawaida hujitafutia mtambo na mnara wa kurushia matangazo. Kadiri vituo vinavyoongezeka, ndivyo nafasi inavyopungua. Tanzania, ambayo kabla ya 1993 haikuwa na redio binafsi, sasa ina vituo vya redio zaidi ya 200 vyenye leseni, na katika miji mikubwa masafa ya FM yamekuwa bidhaa adimu.

Redio ya dijitali hufanya kazi kwa namna nyingine. Katika mfumo wa DAB+, unaotumika zaidi barani Ulaya, mtambo mmoja wa pamoja, ambao wataalamu huuita matipleksi, hubeba vituo vingi kwa wakati mmoja, kiasi cha kati ya 10 na 20 kutegemea ubora wa sauti unaotakiwa. Mwenye kituo hahitaji tena kujenga mnara. Hupeleka vipindi vyake kwa mwenye mtambo, naye huvirusha kwa malipo.

Kwa hesabu za haraka, huo ni unafuu mkubwa kwa wilaya maskini. Gharama ya umeme, jenereta, mnara na fundi, ambayo imevielemea vituo vingi vidogo vya FM, hugawanywa kwa wengi.

Lakini unafuu huo una upande wa pili. Katika FM, mwenye leseni ndiye mwenye mtambo. Katika dijitali, leseni huwa mbili: ya maudhui na ya kusambaza matangazo. Anayeshinda ile ya pili hushika njia ambayo wengine wote watapita.

Historia ya Tabora inalifahamu jambo hili vizuri. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kuelekea Ujiji ililipa hongo kwa watemi ambao ilipita katika nchi zao, neno ambalo wakati ule lilimaanisha ushuru wa njia. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya magharibi mwaka 1871, msafara wa Henry Morton Stanley ulioondoka Kwihara mwezi Septemba ulilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, ndipo ukafika Ujiji. Aliyeshika njia ndiye aliyepanga nani apite na kwa bei gani.

Funzo la televisheni

Tanzania haina haja ya kwenda mbali kutafuta funzo. Ilikwisha kupitia mabadiliko ya namna hii katika televisheni.

Kufuatia makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyoweka Juni 17, 2015 kuwa kikomo kwa sehemu kubwa ya masafa ya televisheni ya analojia, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa leseni kwa kampuni tatu za kusambaza matangazo ya dijitali: Star Media, Agape Associates na Basic Transmission. Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ikazimwa jijini Dar es Salaam. Miji mingine ikafuata, na mwaka 2014 ikawa zamu ya Tabora.

Kiufundi, Tanzania ilisifiwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuvuka. Kibiashara, mambo hayakuwa mepesi. Mapema mwaka 2013, wamiliki wa vyombo vya habari walilalamika kwamba wamepoteza watazamaji na matangazo ya biashara, kwa kuwa kaya nyingi hazikuwa na ving'amuzi. Mwenye kituo alibaki na studio, wafanyakazi na leseni, lakini mtazamaji alikuwa mikononi mwa mwingine.

Mwaka 2018 likazuka jingine. Baadhi ya makampuni ya televisheni za kulipia yaliondoa kwenye ving'amuzi vyao vituo vya nyumbani vinavyopaswa kutazamwa bure, baada ya kubainika kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuvibeba. Watazamaji wengi walishangaa kuona vituo walivyovizoea vimetoweka. Waliokuwa wamesoma masharti ya leseni hawakushangaa.

Funzo ni kwamba katika dijitali, sharti moja lililoandikwa au kusahauliwa kwenye leseni linaweza kumnyima mwananchi kituo chake hata kama kituo chenyewe hakijafungwa.

Wilaya pana, mfuko mdogo

Sikonge ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 27,000, zaidi ya theluthi moja ya Mkoa wa Tabora. Hata hivyo, sensa ya 2012 ilihesabu watu 179,883 tu. Idadi ya watu wa mkoa mzima imeongezeka sana tangu wakati huo, kutoka milioni 2.29 hadi milioni 3.39 katika sensa ya 2022, lakini Sikonge imebaki kuwa wilaya ya vijiji vilivyotawanyika, vikitenganishwa na mapori na hifadhi.

Redio inayorusha matangazo kutoka Tabora mjini, umbali wa kilomita 70 hivi, inaweza kusikika Sikonge mjini kwa kutegemea nguvu ya mtambo na urefu wa mnara. Kitunda ni habari nyingine. Kata hiyo iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa makao makuu ya wilaya, na hakuna mnara mmoja, wa FM wala wa dijitali, unaoweza kuihudumia wilaya yote.

Hapo ndipo ushindani wa leseni unapokuwa na hatari. Mwekezaji anayetazama faida atafunga mtambo pale penye maduka, benki na stendi ya mabasi, kisha atasema kwamba ameifikia wilaya. Kwenye karatasi itasomeka Sikonge imepata huduma. Kitunda na Kipili zitaendelea kuhangaika na mawimbi ya mbali nyakati za usiku.

Soko la matangazo ya biashara nalo ni finyu. Kituo cha wilaya hutegemea matangazo ya halmashauri, vyama vya ushirika, wenye maduka, salamu na vifo. Mapato hayo hayawezi kushindana na fedha za kampuni yenye makao yake Dar es Salaam inayotaka nafasi ya kurusha muziki ule ule unaosikika nchi nzima.

Kushindanisha fedha au kushindanisha mipango

Waombaji wanapozidi nafasi zilizopo, kuwashindanisha hakuepukiki. Suala ni kipimo gani kitumike.

Njia ya kwanza ni mnada: mwenye dau kubwa ndiye mshindi. Ni njia iliyo wazi, huiingizia serikali mapato na hupunguza manung'uniko ya upendeleo. Inafaa kwa masafa ya simu, ambako mshindi anauza huduma ile ile kila mahali. Kwa redio ya wilaya, mnada humwondoa mapema yule ambaye wilaya inamhitaji zaidi.

Njia ya pili ni kushindanisha mipango. Uingereza imeifuata kwa mitambo midogo ya dijitali inayohudumia miji na maeneo madogo. Chini ya amri ya mwaka 2019, msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo, Ofcom, alianza kualika maombi mwaka 2020. Mwombaji hapimwi kwa dau. Hupimwa kwa eneo atakalofikia, uwezo wake wa kuanzisha huduma, ushiriki wa redio za jamii katika kampuni yake, na ushahidi kwamba huduma hiyo inahitajika. Zaidi ya hayo, kila mtambo hutakiwa kutenga nafasi kwa ajili ya redio za jamii.

Sikonge si Uingereza, na kuiga kila kitu itakuwa makosa. Lakini kanuni ya kutenga nafasi haihitaji utajiri. Inahitaji sentensi chache kwenye masharti ya leseni: kwamba nafasi kadhaa ni za redio za wilaya na jamii, kwamba ada yao ina kikomo, na kwamba mwenye mtambo hawezi kuwaondoa bila idhini ya msimamizi.

Tanzania yenyewe ina mwanzo wa kujengea. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilipofungua milango kwa watu binafsi, iliviwekea vituo vyao ukomo wa asilimia 25 ya eneo la nchi. Baadaye, TCRA iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na kisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, zilileta mfumo unaotenganisha leseni za kitaifa, za mkoa na za wilaya, pamoja na redio za jamii. Redio kama Orkonerei ya Simanjiro, Sengerema FM na Fadeco ya Karagwe zimethibitisha kwamba wilaya za mbali zinaweza kuendesha vituo vyenye manufaa.

Kipokezi cha mkulima

Hata leseni ikigawanywa kwa haki, kuna kikwazo kingine ambacho hakipaswi kupuuzwa. Redio ndogo ya betri iliyoning'inizwa kwenye mti shambani haipokei matangazo ya DAB+. Simu nyingi za bei nafuu zina FM, lakini hazina uwezo huo.

Norway ilikuwa nchi ya kwanza kuzima FM kwa vituo vyake vya kitaifa, mwaka 2017, lakini iliruhusu redio nyingi za maeneo ziendelee na FM. Shirika la utangazaji la umma la Uswisi lilizima FM Desemba 31, 2024, na likapoteza wasikilizaji wengi. Kama mambo yamekuwa hivyo katika nchi ambazo magari mapya huuzwa yakiwa na vipokezi vya dijitali, haihitaji utabiri kujua yatakavyokuwa kwa mrina asali wa Ipole.

Wapo wanaosema intaneti itamaliza tatizo. Nayo ina milango yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtoa huduma kulipa shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 kwa mwaka, ada ambazo zilipunguzwa baadaye. Msikilizaji naye hununua bando kila siku, wakati redio ya kawaida haimtozi chochote baada ya betri.

Kwa hiyo, kwa Sikonge dijitali haina budi kuja kama nyongeza ya FM, si badala yake, hadi vipokezi vitakapokuwa rahisi kama vya FM. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kisheria kwa ajili ya maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara, una nafasi ya kubeba gharama ya minara ya Kitunda na kwingineko ambako mshindi wa leseni hatakwenda kwa hiari.

Lipo pia suala la nani asiruhusiwe kushika njia peke yake. Mtambo wa pamoja ukiwa mikononi mwa mfanyabiashara mmoja, mwanasiasa mmoja au hata halmashauri yenyewe, vituo vyote vya wilaya huwa chini ya kiganja kimoja. Wakati wa uchaguzi, au siku wakulima wanapolalamikia malipo yaliyochelewa, kiganja hicho kinaweza kufumba. Kampuni ya hisa za wengi, yenye vyama vya ushirika, taasisi za dini na vituo vyenyewe, haitaondoa hatari hiyo yote, lakini itaipunguza.

Masharti ya leseni huandikwa kabla ya zabuni kutangazwa, na huko ndiko vita halisi huamuliwa. Madiwani, viongozi wa ushirika na waandishi wa Tabora hawana sababu ya kusubiri mshindi atangazwe ndipo waulize Kitunda itasikia nini. Swali hilo liulizwe sasa, wakati kalamu bado iko juu ya karatasi.