Nani Alimlipia Mbunge Wetu?



Kila baada ya miaka mitano wagombea hutujia na misafara ya magari, vipaza sauti, fulana, leso na bahasha. Tunawauliza habari za barabara, maji na karo. Ni mara chache sana tunapowauliza swali lililo mama wa hayo yote: gharama hii amelipa nani, na aliyelipa anatarajia kurudishiwa nini? Tunataka swali hilo liulizwe hadharani katika kila eneo bunge na kila kanisa kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027.

Tutaanza na mfano wa mbali, kwa kuwa hesabu zake ziliandikwa na mtu yeyote aweza kuzisoma. Mnamo Agosti 1957, wapiga kura wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani walimchagua William Proxmire kuwa seneta katika uchaguzi mdogo uliofuata kifo cha Seneta Joseph McCarthy. Alikuwa amegombea ugavana mara tatu, mwaka 1952, 1954 na 1956, akashindwa mara zote tatu. Tangu Agosti hiyo hakuondoka katika Seneti hadi alipostaafu kwa hiari yake Januari 1989, baada ya miaka 31 na ushei.

Katika chaguzi zake za mwanzo alipokea michango kama wanasiasa wengine. Katika mbili za mwisho aliikataa. Mwaka 1976 alitumia dola 177.75 akapata asilimia 72 ya kura. Mwaka 1982 alitumia dola 145.10 akapata karibu asilimia 64. Sehemu kubwa ya vijisenti hivyo ilikwenda kununua stempu za kuwarudishia watu michango waliyomtumia bila kuombwa. Kampeni yake ilikuwa miguu na mkono wake. Alisimama kwenye malango ya viwanda, viwanja vya mpira na maonyesho ya kilimo, akiwasalimu watu mmoja mmoja, mwaka wa uchaguzi na mwaka usio wa uchaguzi.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilichomuuza Proxmire ni kazi. Tangu 1966 hadi 1988 alipiga kura zaidi ya 10,000 mfululizo katika Seneti bila kukosa hata moja. Kuanzia 1967 alisimama kila siku ya kikao akiitaka nchi yake iridhie Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Alitoa hotuba zaidi ya 3,000 kabla Seneti haijakubali, mwaka 1986. Kuanzia 1975 alitoa kila mwezi tuzo ya kejeli kwa idara iliyofuja kodi ya wananchi.

La kutuhusu zaidi sisi Wakenya ni hili. Alipokuwa akirudisha michango mwaka 1976, Proxmire alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Benki ya Seneti. Ni nani asiyejua jinsi wenye mabenki wangefurahi kumjazia kapu mtu wa cheo hicho? Hakuwa na deni kwao, wala kwa makampuni makubwa yaliyokuwa yakihonga serikali za kigeni ili yapate zabuni. Mwaka 1977 aliongoza Seneti kupitisha sheria inayoharamisha kampuni ya Marekani kumhonga ofisa wa serikali ya nchi nyingine. Sheria hiyo ilifika hadi kwetu: mwaka 2015 kampuni ya matairi ya Goodyear ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 16 ili kumaliza madai ya hongo zilizotolewa na kampuni zake tanzu nchini Kenya na Angola. Asiyekuwa na mfadhili wa kumwogopa ndiye aliyeweza kuwafunga mikono watoa mlungula.

Hatumwiti malaika. Alikuwa mtoto wa daktari tajiri, akasoma katika vyuo vya Yale na Harvard. Aliyekaribia kila senti ya serikali kwa ukali alilegea ilipofika zamu ya ruzuku za wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao walikuwa wapiga kura wake. Tena, mtu ambaye jina lake limejulikana jimbo zima kwa miaka 25 aweza kushinda kwa dola 145. Kijana maskini anayeanza leo hawezi. Kwa hiyo hatuwaambii wagombea wetu wasitumie chochote. Tunawaambia watuonyeshe.

Tazameni basi jinsi tulivyozijua senti zile kumi za mwaka 1982. Baada ya kashfa ya Watergate, Marekani ilitunga sheria mwaka 1974 na kuunda tume ya kusimamia fedha za kampeni. Kila mgombea wa Seneti alipaswa kutoa taarifa ya maandishi ya alichopokea, aliyempa, na alichotumia. Sheria hiyo haikuzuia tamaa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2010, makampuni yameruhusiwa kumwaga pesa bila kikomo kumpigia mtu debe, mradi yasishirikiane naye moja kwa moja, na kuna wafadhili wanaojificha nyuma ya vyama na mashirika. Hata hivyo, mpiga kura wa Wisconsin ana daftari la kuanzia.

Sasa turudi nyumbani. Mwai Kibaki aliingia Bungeni mwaka 1963, akiwakilisha kwanza eneo la Donholm jijini Nairobi, kisha Othaya tangu 1974. Hakutoka hadi 2013. Alikuwa Waziri wa Fedha, Makamu wa Rais, kiongozi wa upinzani na hatimaye Rais. Hiyo ni nusu karne na chaguzi kuu kumi. Hatumshtaki marehemu kwa lolote, na mengi mema aliyoyafanya tunayakumbuka. Tunasema tu kwamba mkulima wa chai wa Othaya hakuwahi kuwekewa mezani daftari la kuonyesha nani aligharamia chaguzi hizo kumi na kwa kiasi gani. Hali ni hiyo hiyo kwa mbunge wako, msomaji, awe wa chama tawala au wa upinzani.

Giza hilo lina gharama, nasi tuliilipa. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza baada ya kurejea kwa vyama vingi, kikundi cha YK'92 kilimfanyia kampeni Rais Moi na KANU kwa pesa nyingi mno, hata wananchi wakaiita noti ya shilingi 500 kwa jina la mwenyekiti wake, Jirongo. Noti zilizomwagwa sokoni zilizaa matunda machungu: mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika takriban asilimia 46. Mama aliyepokea noti moja mwezi Desemba aliirudisha mara nyingi dukani kwa bei ya unga na sukari.

Katiba ya 2010, Ibara ya 88, iliipa tume ya uchaguzi jukumu la kudhibiti pesa za kampeni. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ikapitishwa mwaka 2013. Ulipokaribia uchaguzi wa 2017, Bunge liliiahirisha. Mwaka 2021 tume ilitangaza viwango vya juu vya matumizi. Bunge likavikataa, na uchaguzi wa 2022 ukafanywa bila kikomo. Wanaoombwa kuwasha taa ndio wale wale wanaofaidi giza. Nani amemwachia fisi bucha akategemea kukuta nyama?

Nasi waumini tusijitoe katika lawama. Harambee ya kanisa imekuwa kwa miaka mingi kampeni isiyo na risiti. Mwanasiasa hutoa laki mbele ya madhabahu, hupewa kipaza sauti, na hakuna anayeuliza laki ilitoka wapi. Penye udhia penyeza rupia, na rupia ikishapenya, mahubiri juu ya ufisadi hulegea. Yapo mabadiliko ya kutia moyo. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwapiga wanasiasa marufuku kuhutubia ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe pesa alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto. Bahasha iliyorudishwa ina hotuba yake.

Mzee Samweli alipokabidhi uongozi alisimama mbele ya Israeli yote, akawataka wamshuhudie kama aliwahi kumnyang'anya mtu mali au kupokea hongo. Kiongozi aliyetumikia kwa muda mrefu hapaswi kuogopa swali la namna hiyo. Kwa hivyo tunadai mambo matatu.

Kwanza, Bunge lipitishe kanuni za ufadhili wa kampeni ili sheria ya 2013 itumike katika uchaguzi wa 2027. Kila msomaji amwandikie mbunge wake barua na atunze nakala.

Pili, kila parokia na kila usharika uweke daftari la zawadi zote za wanasiasa, lisomwe mbele ya waumini, na mtoaji asipewe mimbari.

Tatu, katika kila mkutano wa kampeni, mtu mmoja asimame kwa heshima amuulize mgombea: ni nani wafadhili wako wakuu, nao wanafanya biashara gani na serikali? Jibu liandikwe. Akikataa kujibu, hilo nalo liandikwe, na lisomwe tena katika mkutano wa jioni ya mwisho kabla ya kura.