Kompyuta ya zamani iandike barua, isitunze karatasi za wahami

Katika Beni, Butembo na Bunia, familia iliyokimbia vita ikihitaji karatasi haianzi kwenye ofisi ya serikali. Inaanza kwenye kibanda cha sekretariati, penye meza moja, mashine ya kuchapisha na kompyuta ya okazyoni iliyomaliza kazi yake Ulaya miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo karte ya uchaguzi inapigwa skani, barua ya kumwombea mtoto nafasi kwenye shule ya mji inaandikwa, na picha nne za pasipoti zinatoka zikiwa bado na joto. Na kwenye kioo cha kompyuta hiyo, ukiona kilima cha kijani chini ya anga la bluu, umeshajua: ni Windows XP. Kama si hiyo, mara nyingi ni Windows 7.

Vijana waliosoma informatiki huicheka. Wanaona ni uzembe wa mwenye kibanda, au ushamba. Ukweli ni kwamba ni hesabu tu. XP ilitoka Oktoba 2001, na kampuni ya Microsoft yenyewe iliandika kwamba RAM ya megabaiti 64 inatosha kuiwasha, ingawa ilishauri 128. Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine ya mwaka 2006 haikuzaliwa nacho. Mtu mwenye Pentium 4 ya megabaiti 512, anayelipa mafuta ya jenereta kila umeme unapokatika, afanye nini? Anatafuta diski ya zamani na fundi anayeijua. Fundi huyo anastahili heshima, maana kazi yake si kubonyeza «ndiyo, ndiyo» mpaka mwisho kama watu wanavyodhani.

Chukua XP inapowekwa kwenye mashine iliyotengenezwa miaka kadhaa baada yake. Katikati ya kazi kioo kinageuka bluu, na chini yake inatokea namba ndefu inayoishia na 7B. Mteja anashtuka. Fundi mvivu anamwambia diski imekufa, atafute pesa anunue nyingine. Diski haijafa. XP ilitoka kabla ya njia mpya ya kuongea na diski za SATA, ile inayoitwa AHCI, kwa hiyo inaitafuta diski bila kuiona. Dawa ni kuingia kwenye BIOS, ule ukurasa unaofunguliwa kwa F2 au Delete kabla Windows haijaamka, na kubadili AHCI kuwa IDE. Ni kazi ya dakika mbili. Mtu asikubali kulipia diski mpya kabla dakika hizo mbili hazijajaribiwa mbele ya macho yake.

Windows 7 nayo ina vituko vyake. Ilitoka mwaka 2009, wakati milango ya USB 3 haijaenea, na haina programu ya kuiendesha. Ukiiweka kwa flashi kwenye laptopu iliyo mpya kidogo, kipanya na klavie vinaganda pale pale mwanzoni, na flashi yenyewe inaonekana kama haipo. Fundi mwenye uzoefu anahamisha kila kitu kutoka mlango wa bluu kwenda mlango mweusi, kama upo.

Halafu klavie. Mashine zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa ni AZERTY, zile za Uingereza ni QWERTY, na wakaaji wengi wa Congo wamezoea AZERTY. Ukikosea kuchagua wakati wa kuweka mfumo, unabonyeza A inatoka Q. Kwenye barua utaona na kusahihisha. Kwenye neno la siri hutaona kitu, maana zinatokea nukta tu. Kesho yake fundi anarekebisha klavie, na mwenye kibanda anajikuta amefungiwa nje ya kompyuta yake mwenyewe.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo linastahili kuongelewa kuliko yote hayo: betri ya duara, CR2032, iliyo kama sarafu ndani ya mashine. Ndiyo inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikiisha nguvu, kila umeme ukikatika mashine inaamka ikidhani bado ni mwaka 2002. Barua ya mama aliyehama mwezi uliopita inatoka na tarehe ya mwaka ambao alikuwa bado binti. Tovuti zenye kufuli zinakataa kufunguka, kwa sababu kwa hesabu ya mashine vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Watu wanalaumu mtandao, wanaongeza mega, na tatizo liko kwenye betri ndogo inayobadilishwa kwa kidole.

Mpaka hapo, mfumo wa zamani kwenye mashine ya zamani hauna kosa. Unaandika, unachapisha, unapiga hesabu za VSLA ya kina mama, unafundisha watoto kutumia klavie. Kosa linaanza pale simu inapogeuzwa kuwa wifi na mashine hiyo ikaunganishwa na dunia nzima.

Microsoft iliacha kuitengenezea XP tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikaachwa tarehe 14 Januari 2020. Kuacha maana yake si kwamba inazimika. Maana yake ni kwamba tundu likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba, na wezi wanalijua. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na walioumia zaidi hawakuwa wa XP. Wengi walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatunzwa; dawa ya tundu hilo ilikuwa imetoka Machi, miezi miwili kabla, ila hawakuiweka. Ikiwa hospitali zenye mafundi wa mshahara zililala usingizi namna hiyo, kibanda cha sokoni kitajikinga kwa kitu gani?

Hapa ndipo mambo ya kompyuta yanageuka kuwa mambo ya wahami.

Familia iliyotoka Kanyabayonga mwaka 2024 ilitoka na kile kilichokuwa mkononi. Karte ya uchaguzi, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho cha kila siku, inaweza kuwa imebaki chini ya godoro. Buletini za watoto zimebaki. Diploma ya Serikali ya kijana mkubwa imebaki. Anayebahatika kuwa na picha ya karatasi hizo kwenye simu anakimbilia sekretariati kuzichapisha, na kabla hajaondoka anasema neno moja: nitunzie humo, nisije nikapoteza simu pia. Mwenye kibanda, kwa roho nzuri, anafungua dosie mpya, anaiandika jina la mama huyo, na kuiacha pale juu ya kilima cha kijani. Baada ya mwaka kuna dosie mia na zaidi. Majina, tarehe za kuzaliwa, namba za simu, sahihi, nyuso za watoto. Yote kwenye mashine ambayo tundu zake hazizibwi, inayounganishwa na wifi kila asubuhi, na inayochomekwa flashi ya kila anayepita.

Flashi zenyewe ni balaa peke yake. Virusi vinavyoficha dosie za mtu na kumwachia vijipicha vya njia ya mkato vinasafiri kutoka kibanda hadi shule, kutoka shule hadi parokia, bila kuhitaji intaneti. Mtu anadhani mafaili yake yamefutika, analia, anafomati flashi, na hapo ndipo anapoyapoteza kweli. Yalikuwa yamefichwa tu. Kwenye mashine yenye Linux mara nyingi yangeonekana.

Mwenye kibanda atajibu, na jibu lake lina uzito: «Nikikataa kumtunzia, atarudi na nini siku akipoteza simu?» Ni kweli. Lakini kumtunzia si lazima kuwe pale. Karatasi zake zinaweza kuwekwa kwenye memori kadi yake mwenyewe, zikachapishwa mara mbili, nakala moja akabaki nayo mtu wa ukoo aliye mji mwingine. Mwenye kibanda anayetaka kutunza kweli awe na mashine mbili: ile ya zamani isiyoguswa kamwe na mtandao, na nyingine ya kutuma na kupokea. Asiye na mbili achague moja ya kazi hizo. Kufanya zote mbili kwenye XP moja ni kuchezea maisha ya watu, hata kama ni kwa roho nzuri. Karte ya mtu ikiangukia mkononi pabaya, laini ya simu inaweza kusajiliwa kwa jina lake, na maswali ya laini hiyo yatamfuata yeye kambini.

Tena kufuta si kufuta. Kufomati kwa haraka kunaondoa majina ya mafaili tu, vilivyomo vinabaki mpaka viandikwe juu yake. Kibanda kikiuza mashine yake na kununua nyingine, kinauza na nyuso za wateja wake.

Kwa mashine itakayoingia mtandaoni, jibu lipo na halina bei: Linux nyepesi. antiX inakubali kompyuta dhaifu sana. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, bado ina diski ya kuiweka kwenye mashine za biti 32. Debian 13 ya mwaka 2025 imeziacha, kwa hiyo mwenye Pentium 4 aihifadhi ile ya 12 angali anaipata. LibreOffice inakuja ndani yake, inafungua barua za Word, wakati kwa XP toleo la mwisho la LibreOffice ni 5.4. Kivinjari kinapata marekebisho, tofauti na Internet Explorer 8 ya XP ambayo haielewi hata TLS 1.2, lugha ya kufuli inayotumiwa na tovuti nyingi leo.

Ila fundi asiahidi mbingu. Kurasa za siku hizi ni nzito, na hakuna mfumo utakaoifanya Pentium 4 icheze video bila kukwama. Mashine nyingine za kuchapisha hazipatani na Linux, ni lazima ijaribiwe kabla ya kulipa. Kumwambia mtu aliyehama, mwenye dola za kuhesabu, kwamba laptopu ya XP ni «ya intaneti, haina shida» ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wapo wanaosema Linux ni ya wazungu na ya wasomi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupiga hesabu yenye maneno yote ya Kiswahili, kwa sababu programu huria inamruhusu mtu yeyote kuitafsiri bila kuomba ruhusa. Baadaye Microsoft nayo ilitoa pakiti ya Kiswahili kwa XP. Ni ajabu kwamba katika vibanda vya mashariki ya Congo, ambako karibu kila mteja anaongea Kiswahili, kompyuta zinabaki kuongea Kifaransa au Kiingereza.

Na mashine zitakazobaki nje ya mtandao zisionekane kama zimefungwa jela. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili, au vipande vikubwa vya ile ya Kifaransa, ndani ya diski, na inafunguka bila mega hata moja. Mwanafunzi aliyekosa mwaka kwa sababu ya vita, anayejiandaa kwa egzeta akiwa kwenye nyumba ya kupokelewa, anaihitaji kuliko anavyohitaji kompyuta mpya. Shirika linalotaka kusaidia lingefikiria hilo kabla ya kuleta laptopu tano zenye nembo na kupiga picha.

Kazi hii itaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo iliachwa. Ofisi za Ulaya zinaondoa kompyuta ambazo hazikubali Windows 11, na zile zitakazoletwa na wafanyabiashara zitapita njia zile zile, Mombasa, Kampala, Kasindi. Nyingi zitakuwa na gigabaiti 4 au 8 za RAM, nguvu ya kutosha kabisa kwa Linux inayotunzwa. Mafundi wa Butembo wakizipokea na kuzitia Windows 7 ya flashi iliyopita mikono ishirini, kwa sababu ndiyo waliyoizoea, watakuwa wamechukua mashine nzuri na kuirudisha miaka kumi na sita nyuma. Mteja naye, kabla hajatoa pesa, amwombe fundi amwonyeshe ni mfumo gani ameweka, aangalie tarehe iliyo pembeni ya kioo, kisha auzime umeme na kuuwasha tena aone kama tarehe hiyo imebaki pale pale.