Kipimo cha Shule ni Wahitimu Wake Wote

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, swali huwa lile lile katika miji na vijiji vya Tanzania: shule ipi imefaulu, na ipi imeanguka? Katika Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, swali hilo huulizwa sokoni, katika mikutano ya wazazi na katika ofisi za wakuu wa shule. Jibu linalotolewa aghalabu ni la namna moja. Hutajwa idadi ya waliopata daraja la kwanza, kisha hutajwa majina ya wachache waliotoka katika shule hiyo wakawa madaktari, wahandisi, wanasheria au wabunge. Majina hayo husomwa siku ya mahafali, wazazi hupiga makofi, na hukumu huwa imekwisha kutolewa.

Fahari hiyo si kosa. Kijana anayesikia kwamba aliyekalia dawati kama lake leo ni daktari wa upasuaji hupata moyo wa kujitahidi. Lakini mwalimu wa sayansi na mwanafunzi wake hawana budi kuuliza swali ambalo wangeuliza juu ya jaribio lolote la maabara: je, kinachopimwa hapa ndicho kinachodaiwa kupimwa? Hoja ya makala haya ni kwamba sicho. Orodha ya majina makubwa haipimi shule. Kinachoipima ni orodha nzima ya walioingia humo, pamoja na yale waliyoyaweza walipoingia na yale wanayoyaweza miaka mitano au kumi baada ya kutoka.

Sifa ya shule au sifa ya uteuzi?

Yafaa kuanza na mfano mashuhuri. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, wakati wa utawala wa Mwingereza. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, alikohitimu mwaka 1952. Rashidi Kawawa, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, naye alisoma Tabora. Kwa kuhesabu majina, ni shule chache sana za Afrika Mashariki zinazoweza kushindana nayo.

Hata hivyo, Tabora ya siku zile ilipokea vijana wachache waliokwisha kuchujwa kutoka sehemu nyingi za nchi. Je, ufanisi wao ulitokana na mafunzo ya shule, au na vipaji walivyokwenda navyo? Hapana shaka vyote viwili vilichangia, lakini orodha ya majina haiwezi kuonyesha kila kimoja kilichangia kiasi gani. Mkulima wa kahawa wa Tarime huielewa shida hii bila kufundishwa. Akitaka kujua kama mbolea fulani inafaa, hawezi kuitia katika shamba lenye udongo mzuri, kisha akalinganisha mavuno yake na shamba la jirani lililo kwenye mteremko wa mawe. Huenda anachokiona ni tofauti ya udongo, wala si kazi ya mbolea.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, shule moja iliyopokea wanafunzi 40, wote wakiwa wamepata alama za juu sana katika mtihani wa shule ya msingi, na wanafunzi 36 kati yao wakafaulu vizuri kidato cha nne. Shule ya pili, iliyo katika kata ya mbali, ilipokea wanafunzi 120, wengi wao wakiwa na alama za chini, na wanafunzi 48 wakafaulu vizuri. Ya kwanza imepata asilimia 90, ya pili asilimia 40. Gazeti litaisifu ya kwanza. Lakini ikiwa watoto 36 wa shule ya kwanza wangefaulu popote pale, na wale 48 wa shule ya pili walikuwa wamekatiwa tamaa na kila mtu, basi shule ya pili ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Bila kipimo cha mwanzo, kipimo cha mwisho hakisemi kitu.

Januari mwaka 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutaja shule bora na watahiniwa bora, likieleza kwamba kufanya hivyo hakukuwa na tija. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini kuacha kipimo kisichofaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujenga kipimo kinachofaa.

Ndege ambazo hazikurudi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtaalamu wa takwimu Abraham Wald, aliyekuwa amehamia Marekani kutoka Ulaya, alifanya kazi katika kikundi cha watafiti kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Mojawapo ya maswali aliyoshughulikia lilihusu ndege za kivita zilizorudi kutoka vitani zikiwa na matundu ya risasi: ni sehemu zipi za ndege zilizo dhaifu zaidi? Mtu wa kawaida angesema kwamba sehemu yenye matundu mengi ndiyo inayohitaji kinga zaidi. Hesabu za Wald zilikwenda kinyume cha fikra hiyo, kwa sababu zilizikumbuka ndege ambazo hazikurudi. Ndege iliyorudi na matundu mbawani ilithibitisha kwamba tundu la bawa halikuiangusha. Zile zilizopigwa mahali pa hatari zaidi hazikuonekana uwanjani, kwani zilikwisha kuanguka.

Wahitimu wanaosimama jukwaani siku ya mahafali ni ndege zilizorudi. Katika Tarime na Serengeti, wale ambao hawakurudi wana mengi zaidi ya kuifundisha shule.

Kwanza ni wasichana. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, katika baadhi ya koo za Wakurya desturi hiyo imeendelea kufanywa, aghalabu mwezi wa Desemba, shule zinapokuwa zimefungwa; na kwa baadhi ya familia msichana aliyekwisha kukeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa. Nyumba salama za Masanga, wilayani Tarime, na za Mugumu, wilayani Serengeti, zimekuwa zikiwapokea wasichana wanaokimbia. Kwa mwalimu wa darasa, habari hiyo yote huonekana kama dawati lililo tupu mwezi wa Januari.

Pili ni wavulana. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, eneo la Nyamongo limekuwa na mvuto ambao shule haiwezi kushindana nao kwa maneno matupu. Kijana anayeona mwenzake akipata fedha kwa siku moja katika malundo ya mawe ya mabaki hashawishiki upesi kungoja miaka minne ili apate cheti. Baadhi ya vijana walioingia humo wameumia, na wengine wamepoteza maisha. Majina yao hayasomwi katika mahafali yoyote.

Hapa ndipo hesabu ya sehemu, inayofundishwa tangu shule ya msingi, inapokuwa na uzito wa maisha ya watu. Kila sehemu ina kiasi juu na asili chini. Shule ikisema kwamba wasichana wake wote 20 waliofanya mtihani wamefaulu, inasema kweli. Lakini ikiwa walioanza kidato cha kwanza walikuwa 45, ukweli huo mdogo umeufunika mkubwa. Asili sahihi ya sehemu hiyo ni 45, wala si 20. Anayebadilisha asili bila kusema amebadilisha swali. Novemba mwaka 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Shule isiyojua nani ametoweka itamrudisha nani?

Mhitimu asiyehesabiwa

Kuna kosa la tatu, nalo ni kudhani kwamba njia ya mafanikio ni moja tu, ile ya kwenda chuo kikuu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, aligundua kwamba maziwa yake ya moto, aliyoyatia katika jokofu ili kutengeneza barafu ya kula, yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaagiza jambo hilo lijaribiwe badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu ya jambo hilo, na hata kama hutokea kweli, lakini jina la Mpemba limekwisha kuingia katika fizikia ya dunia.

Mpemba hakuwa mhadhiri wa fizikia. Alisomea uhifadhi katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, akawa ofisa wa wanyamapori. Shule inayohesabu tu waliokwenda chuo kikuu kusomea fizikia isingemwona. Kwa wanafunzi wa Serengeti, wanaoishi kando ya hifadhi ya taifa, yafaa kukumbuka kwamba kazi ya kuhesabu nyumbu, kupima maji ya Mto Mara au kutibu mifugo inayougua ni kazi ya sayansi sawa na ile ya hospitalini. Vivyo hivyo fundi umeme wa mgodini, mwalimu aliyesomea katika Chuo cha Ualimu Tarime, na mfugaji anayejua kusoma maagizo ya dawa na kupima kiasi chake sawasawa.

Mkoa wa Mara una historia katika jambo hili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na mwenendo wao kazini uzingatiwe katika kuwachagua. Utaratibu huo ulikuwa na matatizo yake, nao uliachwa baadaye. Lakini swali lililouzaa lingali hai: mtu aliyesoma anaweza kufanya nini anapokuwa mbali na karatasi ya mtihani?

Rejista ya wahitimu

Kipimo kinachofaa hakihitaji fedha nyingi. Kila shule ya sekondari ina rejista ya walioandikishwa kidato cha kwanza, na hiyo ndiyo asili ya hesabu. Klabu ya hisabati au ya sayansi, ikisimamiwa na mwalimu, yaweza kuanza na kundi la mwaka mmoja, lililoandikishwa miaka kumi iliyopita. Ikiwa majina ni mengi mno, yachaguliwe 30 kwa bahati nasibu, kisha wote 30 watafutwe bila kuwaruka walio vigumu kupatikana. Wakitafutwa wenye simu tu, au wanaohudhuria mahafali tu, ndege zilizoanguka zitasahauliwa tena.

Kwa kila mmoja yaandikwe mambo machache: alama alizoingia nazo, darasa aliloishia na sababu, mafunzo aliyopata baadaye, kazi anayoifanya, na somo lipi la shule analolitumia katika kazi hiyo. Majibu ya swali la mwisho yaweza kumshangaza mwalimu. Majina yasibandikwe ukutani. Kinachotangazwa ni hesabu tu, kwani habari za mtu ni mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda.

Litatolewa pingamizi kwamba walimu wamelemewa, hasa tangu shule za kata zilipoongezwa chini ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na ada za kidato cha kwanza hadi cha nne zilipofutwa mwaka 2016. Hilo ni kweli. Litatolewa jingine, lenye uzito zaidi: kwamba shule italaumiwa kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake, kama vile ndoa za mapema na dhahabu. Lakini shule isiyo na hesabu hulaumiwa hata sasa, nayo haina la kujibu. Yenye hesabu yaweza kusimama mbele ya halmashauri na kusema: kati ya watoto 45, tuliwapoteza 25, hawa katika mwezi fulani na kwa sababu fulani, bweni lingewaokoa hawa, na mafunzo ya ufundi yangewafaa wale. Diwani hukwepa malalamiko kwa urahisi, lakini hesabu ya namna hiyo humtaka ajibu.

Mahafali yaendelee, na daktari aliyetoka Tarime aendelee kushangiliwa. Lakini mkuu wa shule anapomaliza kuyasoma majina hayo, asome na tarakimu mbili: ya walioingia pamoja na daktari huyo kidato cha kwanza, na ya wale ambao shule inajua waliko leo.